Mkokoteni Usioruhusiwa Kukimbia

4 Machi

Mume wangu kipenzi,

Pokea salamu za mkeo, ambaye bado ana meno yote ya mbele na hana mpango wa kuolewa na mwingine. Huku tupo. Paa la jikoni linavuja palepale lilipokuwa likivuja ulipokuwa unatambaa. Paka wa jirani amezalia ndani ya kapu langu la vitambaa, kwa hiyo cherehani imepumzika mpaka watoto wake wafumbue macho. Shangazi yako Mkaguzi alikuja Jumapili. Alifungua makabati yote, akanusa maziwa, akauliza kwa nini nimeondoa zulia la koridoni. Nikamwambia zulia limechoka.

Naye baba yako, Mwenyekiti wetu wa maisha, ameniletea ratiba ya sherehe yangu ya miaka themanini. Ni tarehe kumi Agosti, hapahapa uani. Kuna makaribisho, hotuba yake, chakula, hotuba yake tena, na mwisho kabisa ameandika "Mengineyo". Mimi ndiye niliyemzaa. Najua anachokificha kwenye mengineyo. Wanataka kunihamishia kwa Mkaguzi, ghorofa ya tatu, na nyumba yangu ipangishwe. Hawajaniambia bado, lakini Mkaguzi alikuwa anapima madirisha kwa macho.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nataka unitengenezee mkokoteni wa aiskrimu. Wa kizamani, kama ile iliyokuwa ikipita mitaani nilipokuwa msichana: sanduku jeupe, magurudumu ya spoki, paa la turubai lenye mistari. Turubai nitashona mwenyewe. Siku hiyo nitawagawia wageni aiskrimu kwa mkono wangu na kwa miguu yangu, kutoka mlango wa jikoni hadi getini na kurudi, Mwenyekiti akiwa anatazama. Tuone kama atathubutu kufika kwenye mengineyo.

Vipimo viko nyuma ya karatasi. Usimwambie baba yako. Mimi ni mzima kabisa, na kama umesikia habari yoyote ya bafuni, ni uzushi.

Mkeo halali


22 Machi

Shikamoo mke wangu,

Nimefurahi kusikia bado unanisubiri. Mimi sijambo. Karakana imepata kazi ya madawati ya shule, na bosi amenunua miwani, kwa hiyo sasa anaona makosa yetu yote. Mama mwenye nyumba wangu amenunua redio mpya. Ukuta kati yetu ni mbao nyembamba, basi na mimi nimelazimika kununua yangu. Tunashindana.

Kwanza habari mbaya: Agosti sitaweza kuja. Madawati lazima yafike kabla shule hazijafunguliwa na bosi amenikatalia ruhusa mbele ya wenzangu ili nisirudie kuomba. Mkokoteni utaniwakilisha.

Nimeuchora. Sanduku litakuwa na kuta mbili za mbao, katikati povu gumu la kuzuia joto, ndani bati lisiloshika kutu. Magurudumu mawili makubwa mbele na mawili madogo nyuma. Hapo sina tatizo. Tatizo ni mpini. Umeandika uwe sentimita sabini na nne kutoka chini. Mke wangu, kwa urefu wako hicho ni kifundo cha mkono. Mpini wa kusukumia huja kwenye kiwiko. Ukisukuma kwa kimo hicho utapita mbele za wageni umeinama kama mtu aliyeangusha hereni. Nimerekebisha, nimeandika tisini na tatu.

Halafu, nilikuwa sijasikia habari yoyote ya bafuni. Sasa nimesikia. Bafuni kuna nini?

Mumeo


3 Aprili

Mume wangu,

Marahaba. Watoto wa paka wamefumbua macho na wote wanafanana na yule paka mwenye sikio moja wa duka la kona, ambaye mwenyewe hapiti tena mtaa huu. Wanaume! Baba yako hajambo. Amenipigia simu mara mbili kuniuliza kama nakula, mara zote mbili nikiwa natafuna.

Bafuni kuna ndoo, sabuni na taulo. Asante kwa kuulizia.

Mpini ubaki sabini na nne. Nimeshona sare za shule maisha yangu yote, sijawahi kumpima mtu nikakosea, na sitaanza na mimi mwenyewe. Tena nimefikiria mengine. Magurudumu yasiwe mepesi. Mkokoteni usiwe na kiherehere. Nikienda uende, nikisimama usimame. Weka breki ya mkononi, lakini ifanye kazi kinyume: nikiibana mkokoteni utembee, nikiiachia ujifunge wenyewe. Chini kabisa weka kitu kizito ili usipinduke mtu akiuegemea. Wateja huegemea. Na nyuma uwe na kiti kidogo cha kukunjua, maana muuzaji naye huchoka kusubiri wateja.

Mkaguzi amesema una kazi ya siri unayomfanyia baba yako. Kazi gani?

Mkeo


20 Mei

Mume wangu,

Umekufa? Kama umekufa uniambie nivae rangi inayofaa. Sherehe inakaribia, turubai limekwisha kushonwa, mistari myekundu na myeupe, pindo la mawimbi. Nimelitandika mezani na kila nikipita naliona linakosa mkokoteni chini yake. Nilikuuliza swali moja tu na wewe ukapotea kama sindano kwenye nyasi.

Mkeo, ambaye karibu atakuwa mjane


11 Juni

Shikamoo Bibi,

Sijafa. Nisamehe kwa ukimya. Nimeangalia shajara yangu na kila Jumamosi nimeandika "kumjibu Bibi", kisha nikahamishia Jumamosi iliyofuata. Huku hali ni njema. Mama mwenye nyumba ameshinda vita vya redio, yangu imeungua. Bosi anakusalimu, anasema breki ya kinyume ni akili kubwa na ameuliza kama unatafuta kazi.

Nianze na swali lako. Kazi ya siri ni kitanda. Baba aliagiza mwezi wa pili. Kitanda kifupi, chenye kizuizi upande mmoja ili mtu asianguke usiku, kipelekwe kwa shangazi. Hakusema cha nani, nami sikuuliza, maana kizuizi kilishanijibu. Nimekimaliza. Kimesimama hapa nyuma yangu kimefungwa kwa magazeti, na kila nikikaa kukuandikia nahisi kinanisoma begani. Baba amekidai mara tatu. Nimemwambia vanishi haijakauka. Vanishi hiyo haijakauka tangu mwezi wa nne.

Sasa zamu yako. Niliweka karatasi yako ya vipimo pembeni ya mchoro nikavisoma kwa pamoja. Mpini kwenye kifundo cha mkono. Magurudumu mazito. Breki inayojifunga ukiachia. Uzito chini. Kiti. Mke wangu, huo si mkokoteni wa aiskrimu. Hiyo ni fimbo ya kutembelea iliyovishwa nguo za sherehe.

Ulianguka bafuni?

Nijibu ndiyo au hapana. Sanduku liko tayari na limepakwa rangi, lakini magurudumu nimeyatundika ukutani na hayashuki mpaka nipate jibu. Sikutishi. Nataka tu kujua namtengenezea nani.

Mjukuu wako


19 Juni

Mume wangu mwenye kichwa kigumu kama cha babu yako,

Salamu. Huku mvua imekatika na paa limeacha kuvuja, kwa hiyo sasa tunaweza kulisahau tena. Watoto wa paka wamegawiwa, mmoja amebaki. Anaishi ndani ya turubai lako.

Ndiyo.

Ilikuwa Januari. Niliteleza nikakaa sakafuni kama mzigo ulioshushwa kituoni. Sikuvunjika mfupa, lakini miguu ilikataa kabisa kupokea amri. Nikachukua kandambili nikawa napiga ndoo, napiga ndoo, mpaka jirani yetu fundi baiskeli akasikia. Alidhani naimba. Alisimama uani muda mrefu akisubiri wimbo uishe ndipo abishe hodi. Mkewe ndiye aliyenivika nguo, na wote wawili nimewaapisha.

Zahanati wamenipa kifaa cha kutembelea cha aluminiamu, chenye miguu minne. Kinafaa sana. Naanikia soksi.

Usinicheke, nisikilize. Najua kinanisaidia. Ndani, milango ikiwa imefungwa, nakitumia. Lakini baba yako akiniona nacho uani, mjadala utakuwa umekwisha kabla haujaanza. Atasema "unaona?" kwa ile sauti yake ya upole, na watu wazima wote watatikisa vichwa, nami nitapandishwa ngazi za Mkaguzi nisishuke tena mpaka nibebwe. Shangazi yako ana moyo mzuri. Lakini kwake unaomba ruhusa kufungua dirisha. Kwake kila glasi ina kitambaa chake. Huku kwangu naamka nafungua mlango, namtukana paka, nafahamiana na kila anayepita. Kule nitakuwa kifurushi kinachosubiri mwenyewe.

Mtu mwenye kifaa cha aluminiamu ni mgonjwa. Mtu mwenye mkokoteni wa aiskrimu ni mtu mwenye shughuli zake. Miguu ni ileile.

Shusha magurudumu.

Mkeo


8 Julai

Mke wangu, shikamoo, na pole ya Januari imefika Julai, uipokee hivyohivyo.

Mkokoteni umeondoka leo asubuhi kwa lori la mbao, umefunguliwa vipande sita, kila kipande kimeandikwa namba. Fundi baiskeli ataweza kuuunga. Nimemwekea mchoro kwenye bahasha yake. Mpini ni sabini na nne. Nimeufunika kwa ngozi ili usiteleze ukiwa na mkono wenye baridi. Uzito ulio chini ni chuma cha mashine ya kupigia randa iliyokufa, bosi ametoa kwa hiari yake. Kengele ni ya shaba. Ubavuni nimechora koni yenye aiskrimu inayodondoka. Wenzangu wanasema inafanana na mwenge, lakini kwa mbali inakubalika.

Fanya mazoezi kila siku uani kabla ya sherehe. Ukitaka kusimama, achia breki kwanza ndipo uachie mpini. Na usikubali mtu mwingine ausukume.

Baba simwambii. Lakini akiniuliza waziwazi kama ulianguka, sitamdanganya. Nimekuwa nikimwomba Mungu asimpe maswali, na kwa kuwa baba hupenda zaidi kutoa majibu, nina matumaini.

Mumeo


16 Agosti

Mume wangu,

Salamu kutoka kwa mwanamke wa miaka themanini na siku sita, ambaye amelala kwenye nyumba yake. Nimeanza na mwisho ili usome kwa utulivu.

Mkokoteni ulipoungwa, mke wa fundi baiskeli aliuzunguka akashika mdomo. Ni mzuri, mume wangu. Mwenge wako nao ni mzuri. Nilifanya mazoezi kila asubuhi kwa kubeba vyungu vyangu vya maua ndani ya sanduku, mpaka tukazoeana, mimi nao.

Siku yenyewe uani kulijaa. Mkaguzi alileta aiskrimu za dukani, ndoo nne kubwa. Mwenyekiti alitoa hotuba ya kwanza. Alipokaa, mlango wa jikoni ukafunguka nikatoka. Nimevaa gauni la bluu, aproni nyeupe, nimepiga kengele mara moja tu. Watu walisimama! Nikasukuma polepole, nikafika kwa wageni wa kwanza, nikaachia breki, nikagawa, nikaibana, nikasonga. Wakasema tazama anavyotembea kwa madaha. Si madaha, ni uzito wa ile randa. Baba yako alikuwa amekunja ratiba yake na kuitia mfukoni, nikajua nimeshinda.

Furaha ndiyo iliyotaka kuniponza. Baba yako alikuja mbio, macho yamejaa machozi, akasema, "Mama, leo ni siku yako, pumzika, lete nisukume mimi." Kabla sijafungua mdomo ameshaubana mpini na ameondoka nao, anapiga kengele kama basi la shule. Ameniacha katikati ya uwanja, hakuna kiti, hakuna ukuta, hakuna kitu cha kushika ila upepo.

Miguu ikaanza ule mchezo wa Januari. Nikamwona shangazi yako anapita na sinia la vikombe. Nikamrukia. Nikamkumbatia kwa nguvu, vikombe vikasambaa.

"Mama! Vipi?"

"Nakupenda mwanangu."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Usiniachie."

Nikamhisi ananipima, unajua alivyo, kwa mikono badala ya macho. Akaninong'oneza, "Mama, unaanguka."

"Sianguki. Nimekushika."

Watu wakadhani tunacheza. Wakaanza kupiga makofi, mtu akaongeza muziki, na Mkaguzi, ambaye hajacheza tangu harusi yake, akanizungusha taratibu, hatua moja hatua moja, uso umetabasamu kwa wageni na mikono imenikaza mgongoni, mpaka akanifikisha kwenye kiti. Akainama kana kwamba ananirekebishia kola.

"Ni lini?"

"Januari. Bafuni."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenipandisha ngazi."

Alirekebisha kola ile ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Kisha akasema, "Ile siku ya zulia nililia ndani ya gari, mama. Nilijua kuna kitu. Nilifungua makabati yote kwa sababu sikujua nitafute wapi." Mume wangu, nimemwita huyu mtoto Mkaguzi miaka yote hii, na kila mara alikuwa anatafuta mimi ninaumwa wapi.

Basi Mwenyekiti akarudi na mkokoteni, jasho linamtoka, akaukunjua ule waraka akasimama. "Mengineyo," akasema. "Kama familia tumeona kwamba mama, kwa umri wake..."

"Mama haji kwangu," akasema Mkaguzi.

Baba yako akatazama ratiba kana kwamba maneno hayo yameandikwa mahali. "Lakini tulikubaliana."

"Tulikubaliana kabla hajaanza biashara. Si umeona mwenyewe? Mama ana biashara ya aiskrimu. Mtu mwenye biashara huwezi kumtoa mtaani kwake kama meza."

Nilitaka kucheka, akanifinya bega. Baba yako naye akiisikia biashara, basi, umemmaliza. Aligeuka akautazama mkokoteni upya, akaugonga sanduku kwa kidole, akasema, "Kwa nini sikuambiwa? Nani msambazaji?" Akatoa hotuba ya tatu, ambayo haikuwa kwenye ratiba, kuhusu wazee wanaojitegemea, akawaalika majirani wote kuniunga mkono.

Mkaguzi hakunisamehe bure. Kwanza, bafuni pawekwe vyuma vya kushika; fundi baiskeli ameshavifunga. Pili, mke wa fundi ana ufunguo wangu. Tatu, ndani ya nyumba nitumie kifaa cha aluminiamu na soksi nianike kwingine. Nne, atakuja kulala hapa kila mwisho wa wiki, na kitanda chako, vanishi yake ikikauka, kiletwe kwa ajili yake. Anakoroma, mume wangu. Nilikuwa nimesahau. Jana usiku nilisimama mlangoni kwake nikamsikiliza kidogo, nikarudi kulala.

Nafunga barua hapa, naipeleka posta mwenyewe.

Baadaye, siku ileile. Barua bado ninayo mkononi. Nilitoka na mkokoteni kama kawaida, ndani nimeweka mkoba, miwani na koti. Sikumaliza hata mtaa mmoja. Mwenye duka la kona akatoka. Kinyozi akamwacha mteja na povu kidevuni. Nilipogeuka nikakuta foleni inanifuata, watu wazima na akili zao, wameshika vikombe, wananiambia Mwenyekiti amesema leo nafungua. Mtu mmoja akainua mfuniko, akaona koti langu.

Nikamwambia zimekwisha.

"Mapema hivi?" akasema. "Basi ni tamu sana hizo. Kesho saa ngapi?"

Mume wangu, ningesema nini? Nimesema saa nne. Maziwa nimeshaagiza, barafu fundi baiskeli amekwenda kuitafuta, na Mkaguzi anasema barafu hutiwa chumvi ili aiskrimu igande, ila hajui kiasi gani. Kama unajua niandikie upesi. Najua jibu lako halitafika kabla ya kesho. Chumvi ya kesho nitabahatisha.

Mkeo, mfanyabiashara